Wahadhiri wa Kulipwa kwa Saa



Ukitaja chuo kikuu hapa Dar es Salaam, mawazo ya watu hupanda moja kwa moja Mlimani, kwenye Ukumbi wa Nkrumah na zile barabara zenye vivuli. Lakini masomo ya chuo kikuu nchini hayakuanzia kule. Yalianzia huku chini kwetu, Mtaa wa Lumumba, ubavuni mwa Kariakoo, ndani ya jengo la TANU, tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita hivi kabla ya Uhuru. Lilikuwa darasa dogo la sheria. Makerere na Nairobi zilikuwa hazifundishi sheria, na nchi inayokaribia kujitawala ilihitaji mawakili na mahakimu wake yenyewe. Mmoja wa wanafunzi wale alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani.

Masomo yenyewe hayakuihama Kariakoo. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kipo hapo Barabara ya Bibi Titi tangu 1965. Ukivuka kidogo unaikuta Taasisi ya Teknolojia, DIT. Upande wa Upanga ni chuo cha afya cha Muhimbili. Na katikati ya hivyo vinavyojulikana kuna vyuo vingine vingi, vikubwa na vidogo, vingine vimepanga ghorofa ya tatu au ya nne juu ya maduka ya vitenge na simu. Saa kumi na moja jioni, wakati machinga wanapanga bidhaa zao upya kwa ajili ya watu wanaotoka kazini, ngazi za majengo hayo hujaa wanafunzi. Wengi wao wametoka kazini pia. Na miongoni mwao anapanda mtu mmoja mwenye mkoba, kalamu zake mwenyewe za ubaoni na flashi mfukoni. Huyo ndiye mwalimu wao. Leo nataka tumzungumzie yeye.

Wenyewe husema wanapiga pati taimu. Kwenye barua, pale inapokuwepo barua, wanaitwa wahadhiri wa muda. Si waajiriwa wa chuo. Hulipwa kwa saa walizosimama darasani, na kuna karatasi ya kuthibitisha saa hizo. Nimeishika mkononi karatasi hiyo zaidi ya mara moja, kwa sababu na mimi nimefundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Ina mistari ya tarehe, mada iliyofundishwa, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi ya mhadhiri, na sahihi ya kiongozi wa darasa, yule ambaye wanafunzi humwita CR. Kipindi kikiisha, mhadhiri mwenye shahada ya uzamili, na pengine ya uzamivu, humsogelea kijana wa miaka 21 amsainie. CR akiwa ameshakimbilia basi la mwendokasi, sahihi inasubiri wiki ijayo. Karatasi ikipotea, saa zimepotea.

Pale stendi, deiwaka wa daladala anayemshikia mwenzake usukani kwa raundi mbili tatu hupewa chake jioni ile ile. Kuli anayeshusha gunia sokoni hulipwa kabla jasho halijakauka. Mhadhiri wa muda hufundisha semista nzima, hutunga mtihani, husimamia, husahihisha, hupakia alama kwenye mfumo, ndipo anaruhusiwa kujaza fomu ya madai. Fomu hiyo hupanda kwa mkuu wa idara, ikaenda taaluma, ikaenda uhasibu, na hapo husikika maneno ambayo kila aliyewahi kupiga pati taimu anayajua kwa moyo: ada za wanafunzi bado hazijaingia, fedha za Bodi ya Mikopo bado hazijatoka, pitia mwezi ujao.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kozi ya kawaida ina saa tatu darasani kwa wiki. Semista ina wiki 15 za kufundisha. Hizo ni saa 45, na ndizo zinazoandikwa kwenye fomu ya madai. Sasa chukua darasa la wanafunzi 200, idadi isiyomshangaza mtu kwenye kozi za biashara au sheria. Kila mmoja ameandika mtihani wa mwisho, majibu ya insha. Ukiusoma kwa haki, neno kwa neno, ukajumlisha alama na kuzihakiki, huwezi kutumia chini ya dakika 15. Mara 200, ni saa 50. Kusahihisha mtihani mmoja tu kumezidi ufundishaji wote wa semista. Hapo sijahesabu majaribio ya katikati, kazi za makundi, maandalizi ya somo usiku, wala simu za wanafunzi wanaoulizia alama zao Jumapili. Vipo vyuo vinavyolipa kitu kwa kila karatasi iliyosahihishwa. Vingine husema kusahihisha kumo humo humo ndani ya saa 45.

Kisha kuna bonde la Jangwani, njiani kuja huku Kariakoo. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni. Hatujasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya familia nyingi za bonde hili zipelekwe Mabwepande. Siku barabara ikifungwa, mhadhiri anayetoka Kimara hukwama Magomeni Mapipa na wenzake wote. Aliyeajiriwa hupiga simu kazini, akaeleweka, na mshahara wake wa mwisho wa mwezi haubadiliki. Mhadhiri wa muda amepoteza saa tatu. Ili azipate tena, lazima atafute siku nyingine ya kufidia, aombe chumba kwa mtu wa ratiba, awabembeleze wanafunzi waje, na alipe nauli ya pili kwa kazi ile ile. Na mwaka 2020, Machi hadi mwisho wa Mei, vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya korona, miezi hiyo haikuwa na saa za kuandika kwenye karatasi.

Nataka nikutajie watu watatu. Majina yao sitayasema, kwa sababu wote bado wanategemea simu ya mkuu wa idara.

Wa kwanza ni dada wa miaka 28. Mfumo wetu wa vyuo vikuu umeweka ngazi: Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Kuingia ngazi ya chini kwa kawaida kunahitaji GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza, na ili uwe Mhadhiri Msaidizi, GPA ya 4.0 katika uzamili. Dada huyu anazo zote mbili. Alipomaliza, chuo kilimwita, kikampa kozi moja, semista iliyofuata kozi mbili, kisha nne. Mkuu wa idara, mtu mwema kabisa, alimwambia: mdogo wangu, vumilia, nafasi ikitoka wewe ndiye wa kwanza.

Maneno hayo yamewafanya vijana wengi wangoje mahali pamoja miaka mitatu, minne, mitano. Aliyeyasema huwa ameyasema kwa nia njema, lakini ametoa ahadi asiyo na mamlaka nayo. Katika chuo cha umma, nafasi haipo mpaka serikali itoe kibali cha ajira. Kibali kikitoka, nafasi hutangazwa, na kijana wetu huingia kwenye usaili pamoja na mamia ya wengine wenye GPA kama yake. Miaka aliyofundisha itaulizwa kama uzoefu, naye hana barua ya kuuthibitisha, kwa maana mara nyingi aliitwa kwa simu na kuagwa kwa ukimya. Nimeona vijana wakirudi chuoni kuomba barua ya utambulisho ya kusema tu kwamba waliwahi kufundisha hapo, wakaambiwa waandike maombi.

Dada huyu alisoma kwa mkopo. Angekuwa ameajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake ingekatwa kila mwezi kulipa Bodi ya Mikopo, na deni lingekuwa linapungua. Sasa hana mshahara wa kukatwa, na deni lipo pale pale. Mwaka jana alijifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Lakini likizo yenye malipo ni ya mtu aliyetimiza miezi sita kazini, na yeye kwenye makaratasi ya chuo hajawahi kuwa mfanyakazi, alikuwa mtu wa semista. Alifundisha hadi wiki ya mwisho ya ujauzito, akiwa amekaa kwenye kiti kilichobebwa na wanafunzi kutoka darasa la pili. Kozi zake akapewa mwingine. Aliporudi kuulizia, aliambiwa ratiba imeshapangwa. Wanafunzi wake wa mwaka jana wakimkuta Mtaa wa Msimbazi bado humwamkia kwa furaha, shikamoo madam, na kumuuliza atarudi lini.

Wa pili ana miaka 44, na huyu ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu yule dada bado ana muda wa kubadili njia. Yeye anafundisha vyuo vitatu. Jumatatu asubuhi yuko Kurasini, mchana Kariakoo, jioni Mwenge. Kesho yake anaanza upya kwa mpangilio mwingine. Jina la kozi ni moja kote, lakini kila chuo kina mtaala wake, mfumo wake wa kupakia alama, na namna yake ya kutunga mtihani. Alama zote zinadaiwa wiki moja. Wakati huo husahihisha ndani ya basi akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika bomba.

Hana ofisi katika chuo chochote kati ya hivyo vitatu. Wanafunzi anaowasimamia utafiti hukutana nao penye nafasi. Siku moja nilimkuta viwanja vya Mnazi Mmoja, amekaa kwenye ukuta mfupi, mapajani ameweka sura ya tatu ya utafiti wa mwanafunzi, kijana mwenyewe amesimama mbele yake akimkinga jua kwa bahasha. Alikuwa anamweleza tofauti ya sampuli na jamii inayotafitiwa, taratibu, kwa mifano ya wauza nguo waliokuwa wanapita. Nilisimama nikasikiliza. Lilikuwa somo zuri kuliko mengi niliyoyasikiliza ndani ya kumbi zenye viyoyozi. Dakika ile hakuna chuo kilichokuwa kinamlipa.

Huyu kaka alianza shahada ya uzamivu na amekwama kwenye pendekezo la utafiti. Hakukosa akili. Kupanda ngazi katika taaluma hii ni kwa machapisho, na machapisho yanahitaji asubuhi mbili tatu tulivu kwa wiki, ambazo yeye ameziuza zote kwa saa. Akiacha chuo kimoja ili aandike, anapunguza chakula nyumbani. Asipoacha, atabaki hapo alipo. Na kwa kuwa si mwajiriwa popote, hakuna kamati ya kupandisha vyeo inayolijadili jina lake, hata angefundisha miaka ishirini.

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shule ya mtoto inataka ada Januari. Benki inataka hati za mshahara za miezi mitatu. Kaka yetu anadai vyuo viwili fedha za semista mbili, fedha ambazo zingelipa vyote hivyo, lakini deni unalodai haliwekwi dhamana. Huku kwenye ukoo anajulikana kama mhadhiri. Kadi ya mchango wa harusi inayomfikia haifanani na ya binamu yake fundi. Yake imeandikwa kiwango cha mtu mkubwa. Kijijini mama yake anajivuna mbele ya majirani, naye hana moyo wa kumweleza mama kwamba yule binamu fundi hulipwa kila Jumamosi.

Wa tatu ni profesa mshiriki mstaafu wa miaka 67. Tangu 2018 sheria imewaongezea maprofesa na wahadhiri waandamizi wa umma umri wa kustaafu kwa lazima kutoka miaka 60 hadi 65, naye akaitumikia miaka hiyo yote. Ana pensheni. Sisemi kwamba amekaa kwenye raha. Wote tunakijua kikokotoo cha mafao, jinsi mkupuo ulivyowekwa kuwa asilimia 33 mwaka 2022, kisha mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa baadhi ya wastaafu na 35 kwa wengine. Lakini kila mwezi kuna kitu kinaingia, nyumba ni yake, na watoto wamekua. Anafundisha kwa sababu anaipenda kazi, na kwa sababu, anavyosema mwenyewe, mtu aliyezoea kuulizwa maswali miaka 35 akikaa kimya nyumbani huugua. Akifika chuoni watu husimama, Profesa shikamoo, na chai huletwa. Malipo yake nayo huchelewa. Hukasirika kidogo, kisha huendelea na maisha.

Huyo mzee ndiye aliyenifumbua macho. Tulikuwa tunangoja kwenye benchi nje ya uhasibu, akaniambia: "Mwanangu, mimi nikigoma kupakia alama, mkuu wa chuo atanipigia simu leo hii hii. Yule binti akigoma, watamwita mwingine."

Fomu ya madai ya watu hawa watatu ni moja. Kiwango kwa saa hutofautiana kidogo kwa cheo, basi. Mzigo wenyewe haulingani hata kidogo. Kwa mstaafu, malipo ya kuchelewa ni kero. Kwa mtu wa miaka 44 ni kufukuzwa nyumba. Kwa binti wa miaka 28 ni miaka ile ambayo mtu hujenga taaluma yake au huikosa. Na kwa kuwa mstaafu anavumilia, uongozi wa chuo huona kwamba mpango unafanya kazi. Kila semista darasa limepata mwalimu, alama zimetoka, hakuna aliyegoma.

Yupo pia wa nne, aliyeajiriwa kwingine kwa kudumu na anayekuja jioni kuongeza kipato. Sina ugomvi naye. Miaka ya 1980, mishahara ya wahadhiri ilipokosa thamani, wasomi wa Mlimani walifuga kuku na kuendesha teksi, na kufundisha jioni ni afadhali mara mia. Wakili anayetoka mahakamani Kisutu akaja kufundisha mwenendo wa mashauri, au mkaguzi wa hesabu anayefundisha ukaguzi, huleta darasani kitu ambacho hakimo vitabuni. Pati taimu kwa maana hiyo ni jambo jema na vyuo vyote duniani vinayo. Ninachokipinga ni kuigeuza nguzo ya nyumba halafu ukailipa kama pambo.

Tulifikaje hapa? Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992, na tangu mwanzo kiliwategemea pia walimu wa vyuo vingine. Katikati ya miaka ya 1990 milango ya vyuo vikuu binafsi ikafunguliwa. Hubert Kairuki pale Mikocheni kikaanza 1997. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na mwaka huo huo ikaanzishwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu cha Dodoma kikafuata 2007, na shule za kata zikaanza kutoa wahitimu kwa maelfu. Madarasa yalijaa haraka. Mwalimu wa chuo kikuu haandaliwi kwa haraka hiyo. Kutoka kidato cha sita hadi uzamivu ni miaka kumi na zaidi. Pengo likazibwa kwa watu wa saa. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya dosari mbalimbali za ubora, na tangu hapo vyuo huyaogopa mafaili ya wakaguzi. Yule kaka wa vyuo vitatu anasema kuna wiki ambazo hupigiwa simu na watu wasiopokea zake za madai, wakimwomba alete haraka nakala za vyeti vyake. Vyeti hivyo vikikaa kwenye faili, chuo kinaonekana kina walimu wa kutosha.

Jirani zetu wameyapitia haya. Pale Kampala, Makerere ilipofungua masomo ya jioni ya kulipia miaka ya 1990, Profesa Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha hapa Dar es Salaam miaka ya 1970, aliandika mwaka 2007 kitabu kizima kuhusu yaliyokipata chuo hicho, akakiita Scholars in the Marketplace. Kule Kenya, vyuo vya umma vilijenga kozi za kulipia juu ya mabega ya wahadhiri wa muda. Matokeo ya kidato cha nne ya 2016 yalipotoka, waliofikia alama za kuingia chuo kikuu hawakufika 90,000 nchi nzima, na fedha za kozi zile zikakauka. Marekani, yenye vyuo tajiri kuliko vyote, takribani theluthi mbili ya walimu wa vyuo vikuu hawana ajira ya kudumu wala njia ya kuifikia. Mwaka 2013, mjini Pittsburgh, mama mmoja wa miaka 83 aliyefundisha Kifaransa kwa miaka 25 kwa mikataba ya muda alifariki akiwa hana pensheni, na habari yake ikazunguka dunia nzima. Kwa hiyo tusidhani kwamba ni tatizo la umaskini wetu ambalo litaondoka tukitajirika.

Vyuo vina hoja zao, na nimezisikiliza. Chuo kidogo hakiwezi kuajiri mtu kwa kozi inayofundishwa mara moja kwa mwaka. Ada huingia kwa mafungu, mikopo huchelewa. Ni kweli. Lakini umeme wa chuo hulipwa kabla haujatumika, pango la ghorofa hulipwa, mlinzi hulipwa. Fedha zikiwa chache, kuna mtu anaamua nani asubiri. Anayesubirishwa ni yule asiye na mkataba mkononi.

Na anayeumia si mhadhiri peke yake. Mzazi uliyeuza mbao au samaki ukalipa ada, mtoto wako anafundishwa na mtu mwenye saa moja tu kati ya kipindi chake na basi la kwenda chuo kingine. Ana swali, atamuuliza wapi? Mtihani wake umesahihishwa usiku wa manane, wa mia na themanini kwa zamu. Ukienda kukagua chuo kabla hujalipa, usiishie kuangalia kompyuta. Uliza wangapi kati ya walimu wa kozi hiyo wameajiriwa, na wale wa muda walilipwa lini mara ya mwisho.

Kwa wastaafu wetu nina ombi, na naliomba kwa heshima yote. Nyie ndio mnaopigiwa simu. Semista inapoanza, kabla ya kupokea kozi, ombeni mkataba wa maandishi wenye tarehe ya malipo, na muombe uwe wa wahadhiri wote wa muda wa idara hiyo. Hakuna mkuu wa chuo atakayemwona profesa wa miaka 67 kuwa mkorofi kwa kuuliza atalipwa lini.

Kwa ninyi mlio kama yule dada na yule kaka, sheria ina mlango ambao wengi hawaujui. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka 2004 pia, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ana walau kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Kimojawapo ni kuwa amemfanyia kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ukiwa na kozi nne za saa tatu tatu katika chuo kimoja, ni saa 12 kwa wiki, saa 48 kwa wiki nne. Hesabu ya kusahihisha iko nje ya hapo. Na ile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali humwacha nje mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, lakini miezi hiyo huhesabiwa iwe chini ya mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Wengi wenu mmeambiwa kila semista ni ukurasa mpya. Sheria haisemi hivyo.

Mgogoro wa malipo hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukiwa ni wa kuachishwa kazi, siku 30. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayeambiwa pitia mwezi ujao. Kwa hiyo kila CR anapokusainia, piga picha karatasi hiyo kabla hujaikabidhi idarani. Tunza ratiba yenye jina lako, ujumbe wa simu uliokuita kazini, na ukurasa wa mfumo unaoonyesha kwamba alama ulizipakia wewe. Ukiidai fedha yako, dai kwa maandishi, uandike tarehe, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.